DJ Screw, kijana wa Houston aliyepunguza mwendo wa muziki

Yeyote aliyewahi kusikiliza redio-kaseti yenye mawe yanayoelekea kuisha anaujua mlio huo: ngoma inaburuta miguu, na mwimbaji anakuwa kama mtu anayezungumza usingizini. Wengi hukimbilia kutafuta mawe mapya. Robert Earl Davis Jr., wa kusini mwa Marekani, aliufanya mlio wa namna hiyo kuwa kazi ya maisha yake.

Davis alizaliwa mwaka 1971 huko Smithville, mji mdogo wa Texas. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Inasimuliwa kwamba sahani ya muziki asiyoipenda aliikwaruza kwa skrubu, na kutoka hapo likaja jina DJ Screw.

Alipokuwa Houston, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliweka sahani mbili zinazofanana kwenye mashine mbili, moja ikiwa nyuma kidogo ya nyingine, akarudiarudia maneno, kisha akaupunguza mwendo wote na kuurekodi kwenye kaseti. Mwenyewe alieleza kuwa alitaka watu wasikie vizuri rapa anasema nini. Kompani kubwa zilikuwa New York na Los Angeles, naye hakuzingoja. Aliuza kaseti nyumbani kwake. Magari yalipanga foleni hadi polisi wakashuku kwamba pale panauzwa dawa za kulevya, kumbe ni kaseti! Duka alilifungua mwaka 1998 tu.

Lakini kilichowafunga watu kwake si mashine. Aliwapa maikrofoni vijana wa mtaani ambao hakuna redio iliyowajua, na kundi lao likaitwa Screwed Up Click. Mwaka 1996, katika sikukuu ya kuzaliwa ya rafiki mmoja, walipokezana mashairi ya papo kwa papo kwa zaidi ya dakika 30, na Houston inayasikiliza hadi leo. Kwenye kaseti nyingine alirap kijana aliyeitwa Big Floyd. Huyo ndiye George Floyd, aliyeuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Dunia ilimfahamu akiwa chini ya goti. Wakaaji wa Third Ward walikuwa na sauti yake tangu zamani.

Kuna jambo lisilofaa kufichwa. Katika mitaa hiyo vijana walikunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, wakiichanganya na soda, na wengine waliisifu kwenye nyimbo. Tarehe 16 Novemba 2000 Screw alikutwa amekufa ndani ya studio yake, akiwa na miaka 29. Uchunguzi wa madaktari ulikuta kodeini pamoja na dawa nyingine mwilini. Baadaye wasanii wenye majina makubwa waliuchukua mtindo wake, na wengine wakaichukua na chupa.

Sahani zake nyingi sasa zinatunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston. Duka nalo liliendelea kuuza rekodi zake baada ya mazishi.