Taa Tatu za Hilux

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, iliwalipa wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waondoke kazini kwa hiari. Kolwezi ni mji uliolelewa na kampuni hiyo, na kabla yake Union Minière, kwa hiyo ghafla ulijaa watu wenye ufundi mkubwa wasio na karakana. Waliozoea kuchonga vyuma vya mitambo wakawa wanachomea mageti. Waliokuwa wakitengeneza malori ya migodi wakafungua gereji chini ya miembe ya Manika na Dilala. Fundi umeme wa magari aliyenifundisha kazi alikuwa mmoja wao. Sote tulimwita Papa, naye alituita mwana, hata wale kati yetu waliokuwa na watoto nyumbani.

Kampuni mpya za shaba na kobalti zilikuwa zikiingia baada ya sheria ya madini ya 2002, na kila moja ilikuja na pikapu zake au ilikodi za wenyeji. Pikapu haikuruhusiwa kuingia mgodini bila jirofari (taa ya onyo inayozunguka) juu ya paa na mlingoti wa bendera ili dereva wa lori kubwa aione. Nyingi zilifungwa na redio pia. Waliofunga vitu hivyo walikuwa na haraka. Walichuna waya wowote uliokuwa karibu, wakaunganisha wa kwao kwa utepe, kisha waya wa masi (ardhi) wakaubana chini ya bolti iliyopakwa rangi. Kiangazi kilipoanza, vumbi jekundu liliingia ndani ya kila soketi. Mvua za Novemba ziliponyesha, vumbi hilo lilifyonza unyevu na vichwa vya nyaya vikaota kutu ya kijani. Hapo ndipo taa za tablo zilipoanza kuwaka na kuzimika zenyewe.

Taa inayowaka na kubaki imewaka haimtesi fundi. Gari limekuja na ugonjwa wake, unaupima, unaupata. Inayokula pesa ya mwenye gari ni ile inayowaka njiani ikazimika getini. Dereva anaapa kwamba aliiona, fundi haoni kitu, na kwa kuwa hakuna anayetaka kumrudisha mteja mikono mitupu, kinabadilishwa kifaa fulani. Naamini mpaka leo kwamba pesa nyingi za wenye pikapu wa Kolwezi zimeishia kwenye vifaa vilivyokuwa vizima.

Papa hakugusa spana mpaka amalize maswali. Iliwaka asubuhi injini ikiwa baridi, au mchana? Barabara ilikuwa nzuri au mbovu? Ulikuwa umewasha taa kubwa? Ulikuwa unakata kona? Iliwaka kwa nguvu au hafifu? Ilikuwa peke yake, au na nyingine? Majibu aliyaandika kwa Kifaransa kwenye daftari la shule, pamoja na namba ya gari na kilomita, kwa mwandiko wake ule wa fomu za karakana. Madereva wengine walikasirika. Walitaka aende kwenye injini, yeye alikuwa bado anauliza habari za kona.

Siku moja ililetwa Hilux ya miaka ya 1990, yenye ile injini ya dizeli ya 3L ya lita 2.8. Taa tatu zilikuwa zinawaka pamoja: ya betri, ya breki, na ya maji kwenye chujio la dizeli. Gereji nyingine ilikuwa imekwisha kuweka betri mpya, chujio jipya, na hata kifaa kinachosoma kiwango cha mafuta ya breki. Ukiichukua kila taa peke yake, kazi hiyo ilikuwa na maana. Taa ya breki ikiwaka kwenye kona tu, mara nyingi mafuta ya breki yameshuka kwa sababu pedi zimekwisha, na yakihamia upande mmoja boya linazama. Taa ya chujio ilikuwa na sababu zake pia, kwani dizeli nyingi tuliinunua kwa kadhafi, wachuuzi wa mafuta wa kando ya barabara, kwenye madumu, na maji hayakukosekana humo.

Lakini zilikuwa tatu, na zilikuwa hafifu. Papa aliposikia hivyo aliinuka kwenye kigoda. Kwenye Toyota za dizeli za wakati ule, taa ya breki na ya chujio zimeunganishwa na waya wa taa ya chaji, ili ukifungua swichi zote ziwake na ujue balbu hazijaungua. Injini ikiwaka na alteneta ikaanza kuzalisha, zote zinazimika. Alteneta ikiacha kuzalisha, zote zinarudi, hata kama breki ni nzima na dizeli ni safi.

Mimi nilikuwa tayari nimeshika spana ya kufungulia alteneta. Akaniambia, "Mwana, mbele pima, njo ufungue," yaani pima kwanza, ndipo ufungue.

Tukatazama mkanda, ulikuwa umekaza. Tukapima betri injini ikiunguruma: volti 14.1, kama inavyotakiwa. Gari lilikuwa zima kabisa pale chini ya mwembe. Basi akavuta nyaya mbili ndefu kutoka kwenye betri, akazipitisha dirishani, akafunga multimita kwa utepe mbele ya kioo, akamwambia dereva aelekee Musonoi, kwenye kipande cha barabara kilichofanya mikunjo kama bati. Mimi nilikaa katikati kusoma namba. Kwenye lami, 14.1. Tulipoingia kwenye mikunjo, namba ikacheza, ikashuka mpaka 12.3, na taa tatu zikachomoza kwenye tablo, nyekundu za kufifia. Papa akaomba gari lisimame bila kuzima injini. Akafungua boneti, akaigonga alteneta polepole kwa mpini wa bisibisi. Taa zikazimika zote kwa pamoja.

Sasa ndiyo tuliifungua. Kwenye injini hiyo, pampu inayofyonza hewa ya breki imekaa mgongoni mwa alteneta na inalainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ilikuwa imechoka. Oili ilikuwa imevuja ndani, ikachanganyika na vumbi na unga wa kaboni, ikawa uji mweusi. Kaboni zenyewe zilikuwa zimelika zikabaki vipande vifupi, na zilikuwa zinanata kwenye nyumba zake. Kila gari lilipotikisika ziliachia. Dawa yake ilikuwa kaboni mbili, sili moja, na petroli kidogo ya kuoshea. Dereva aliangalia vile vipande vidogo kwenye kiganja kwa muda mrefu. Kama vingeachia usiku, mbali na mji, betri ingekwisha, taa za mbele zingekufa, na mwisho hata injini ingezimika, maana kilango cha umeme kinachopitisha dizeli kingekosa nguvu.

Baadaye zilikuja Hilux za kompyuta, na mashine za kusoma kodi za hitilafu zikafika mjini. Papa alizipenda, kinyume na tulivyotarajia. Alifurahi kwamba gari lenyewe sasa linaandika daftari: ukikuta P0562, unajua volti zilishuka wakati fulani hata kama sasa zimepanda. Aliendelea kukataa kitu kimoja tu, kodi kugeuzwa kuwa orodha ya manunuzi. Pikapu moja ilikuwa inawasha taa ya ABS, na mashine ilitaja sensa ya gurudumu la mbele kulia. Sensa ilikuwa imeshabadilishwa kwingine na taa ikarudi. Papa alikata usukani mpaka mwisho, akauvuta waya taratibu pale unapojikunja karibu na gurudumu, na ukarefuka mkononi mwake. Shaba ilikuwa imekatika ndani, ganda la nje likabaki zima. Magurudumu yakinyooka ncha ziligusana, yakikata kona ziliachana.

Kila jirofari tuliyoifunga sisi ilipata fyuzi yake, relei yake, na waya wake wa masi mpaka kwenye betri, bolti ikiwa imekwanguliwa rangi na kupakwa grisi. Ilichukua nusu siku, na wateja walilalamika kuhusu bei. Madereva ndio waliobadilika mapema kuliko mabosi wao. Walianza kufika na karatasi, wengine na ganda la sigara, wakiwa wameandika saa, mahali, na zilikuwa taa ngapi.