Mvua ya Kibera Huamuliwa Mbali

Ukitaka kujua kwamba ukame umebisha hodi Sarang'ombe, huna haja ya kutazama juu. Tazama mitungi. Ikianza kupangwa foleni alfajiri kule Gatwekera, na bei ya mtungi mmoja ikipanda, mambo yameharibika. Wakati huo kila mtu huwa mtabiri. Wingu likijikusanya upande wa Ngong, mama mboga hufunika sukuma zake na jirani hutega karai chini ya mabati. Jua linazama, karai ni kavu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu yapi, na yako wapi?

Kumbuka Machi 2019. Wakenya walikuwa wakingoja masika, huku Turkana njaa ikiuma. Wakati huo huo, dhoruba ilitokea karibu na pwani ya Msumbiji, ikaingia bara na kuzunguka juu ya nchi kavu kwa siku kadhaa. Haikufa. Ilirudi baharini, ikapata nguvu kutoka kwa maji ya joto, na ikawa kimbunga Idai. Usiku wa Machi 14 kilipiga mji wa Beira. Zaidi ya watu 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Huku kwetu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilieleza kwamba kimbunga hicho kilikuwa kimevuta unyevu ambao ungetuletea mvua. Mvua ya karai la Kibera ilikuwa imekwenda kunyesha Msumbiji.

Lakini usidhani kila kimbunga ni mwizi. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita mashariki ya Madagaska. Pepo zikageuka, zikatuletea unyevu kutoka upande wa Kongo, na mvua ikamwagika. Kwa hivyo swali la maana ni hili: dhoruba iko upande gani wa Madagaska?

Huenda ukauliza, mbona vimbunga hivyo havifiki Nairobi? Kimbunga huhitaji bahari yenye joto na msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe. Karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno, nasi tuko kama digrii moja tu kusini yake. Sisi hupata habari za kimbunga kwa kupungukiwa na mvua au kwa kuzidiwa nayo.

Ndiyo sababu, kuanzia Januari hadi Aprili, mimi hutazama kila jioni picha za setilaiti kwenye simu, hasa dhoruba za bara kule Msumbiji na Malawi zinazoelekea baharini. Kwangu si mchezo. Taarifa hiyo husaidia kuamua kama pesa kidogo tulizo nazo zitanunua pipa la pili la maji, au zitaongezwa kwenye karo.

Makao makuu ya Idara yako Dagoretti Corner, si mbali na kwetu. Utabiri wake husomwa redioni na kusambazwa kwa simu, nao hauna ada. Utabiri unaweza kukosea, lakini jicho lililozoea wingu la Ngong pekee hukosea zaidi.

Tena ukame una hila yake. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa na mvua haba. Mtaro usiopitisha maji hugeuka jaa la taka, na hakuna anayejali. Kisha ikaja masika ya 2024: mito ya Nairobi ikavunja kingo, nyumba zikasombwa, na zaidi ya watu 200 wakafa nchini. Mei 4, kimbunga Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia, Tanzania.

Basi, ndugu yangu, tega karai lako, lakini pia sikiliza utabiri. Na mtaro ulio mbele ya mlango wako uuzibue sasa, wakati ungali mkavu.