Kamera ya Mama na msaidizi asiyejua Kiswahili

Zamu yangu ya kuandika imefika, na nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu darasa la kompyuta tunalofundisha kule Nakivale. Lakini mwezi uliopita nilishuka Kampala kumuona dada yangu anayekaa Kyambogo, upande wa Banda, chini ya chuo kikuu. Huko nikapewa kazi iliyonikalisha siku tatu, ndiyo nataka kuwaelezea.

Mnajua ukishajua kompyuta kidogo tu, watu wanakuona fundi wa kila kitu. Redio ikiharibika ni wewe, Yaka ikigoma ni wewe. Dada akaniambia, kuna Mama wa kwetu Uvira hapo nyuma, mtoto wake wa Marekani amemtumia kamera ya ulinzi na kile kidude cha kuongea, vyote vimekataa kushikana, nenda umsaidie.

Mama huyo anakaa peke yake katika muzigo wa chumba kimoja, kwenye kiwanja chenye milango sita na geti moja la mabati. Macho yake yameharibiwa na sukari. Simu anashika lakini kusoma maandishi hawezi. Mtoto wake aliondoka 2019, yuko Iowa, anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Mama naye alikuwa na faili. Alishafanya intavyuu, akapimwa afya, akabaki anangoja tarehe ya safari. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na faili ikakaa. Halafu usiku mmoja wezi wakaingia kiwanjani, wakachukua masufuria na nguo za jirani kwenye kamba. Yaya wa Iowa aliposikia hivyo hakulala. Akanunua kamera na kidude chenye skrini ndogo, akampa mtu aliyekuwa anakuja Kampala. Wazo lake lilikuwa zuri: mama akisikia mlio getini, aseme kwa mdomo "nionyeshe geti", skrini iwake aone kivuli cha mtu bila kubonyeza kitu.

Nilipofika Mama akaniambia, "Mutoto wangu, hii kitu iko nasema Kizungu tu, na mimi iko nanijibu hapana."

Nianze na umeme, kwa sababu hapo ndipo vitu vya Marekani vinakufa. Kule soketi zao zina volti 120, hapa kwetu ni 240. Kabla ya kuchomeka chochote soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Ikiandikwa 100–240, usiogope, tafuta tu adapta ya miguu mitatu. Ikiandikwa 120 peke yake, weka chini, usijaribu hata mara moja. Za Mama zilikuwa salama.

Jambo la pili, na hili ningependa mlishike: kamera ikikataa kuongea na msaidizi wa sauti, usianze na msaidizi. Fungua kwanza apu ya kamera yenyewe. Picha inaonekana? Kama haionekani, msaidizi hana kosa, tatizo liko kati ya kamera na waifai. Mimi nilipoteza asubuhi nzima nikimfokea msaidizi wa watu bure.

Picha haikuwepo. Mwenye kiwanja ana rauta, wapangaji wanamchangia kila mwezi. Rauta hiyo inatoa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 na ya 5, yote kwa jina moja. Kamera nyingi za bei ya chini zinajua 2.4 tu. Simu yangu ilikuwa imekaa kwenye 5, kamera inatafuta 2.4, kila mmoja anamuita mwenzake na hawasikilizani. Nikamuomba mwenye rauta tutenganishe majina mawili. Aliniangalia kama nataka kumuibia, lakini akakubali.

Bado ikakataa. Hapa sasa nicheke mwenyewe. Nyinyi mnaosoma hapa mkiwa Uganda mnajua tunaingiaje humu. Facebook ilifungwa Januari 2021 kabla ya uchaguzi, tangu hapo kila kijana ana VPN kwenye simu na wengi hatuizimi hata tukilala. VPN inaifanya simu yako ijifanye iko nchi nyingine. Sasa kamera iko hatua mbili kutoka kwangu, simu inaitafuta kupitia Uholanzi! Nilizima VPN, nikarudia, taa ya kamera ikageuka buluu. Mama alipiga vigelegele mpaka watoto wa jirani wakaja.

Kisha ndiyo tukaenda kwa msaidizi. Hapo kuna mambo ya akaunti. Yaya alikuwa ameshasajili kamera kwenye akaunti yake kabla ya kuituma, na kidude cha kuongea amekiweka kwenye akaunti nyingine. Kamera ikishakuwa na mwenyewe haikubali mwingine. Kwa hiyo tulimpigia, akaiachia kamera kutoka kwake, nikaisajili upya kwa akaunti ya Mama, halafu Mama akamrudishia ruhusa ya kuangalia kama mgeni. Baadaye ndani ya apu ya msaidizi unaunganisha akaunti ya kamera na kuagiza itafute vifaa vipya. Iliikuta baada ya dakika moja hivi.

Lugha ndiyo ilibaki. Hawa wasaidizi wanaojulikana, Alexa na Siri, wanaongea Kijapani, Kihispania, Kifaransa, lakini Kiswahili hawakufundishwa, pamoja na watu wote hawa tunaokiongea. Niliipa kamera jina "Geti", kikawa kinasikia vitu vyake vingine, mara kinacheza muziki, mara kinauliza tena. Nikakumbuka Mama alisoma shule ya msingi kwetu, kwa Kifaransa. Nikabadilisha lugha, kamera nikaiita "portail". Mama akasogea, akakaza sauti kama anajibu mwalimu: "Montre le portail!" Geti likatokea kwenye skrini. Akasema tena. Alisema mara nane, nilihesabu.

Nikadhani kazi imekwisha, nikaenda kula rolex pale barabarani.

Usiku saa nne Yaya akanitumia picha ya skrini yake: kamera haipo hewani. Asubuhi ikarudi. Usiku uliofuata tena. Nikasema ni rauta, nikaisogeza. Nikasema ni umeme, nikaangalia Yaka, yuniti zilikuwepo. Siku ya tatu nikakaa na Mama mpaka jioni, tukinywa chai. Giza lilipoanza akainuka pole pole, akashika ukuta, akachukua fimbo nyuma ya mlango, akaenda kwenye soketi akazima.

Nikamuuliza, Mama, ni kwa ajili ya yuniti? Akanyamaza. Kisha akasema, "Yeye anajua muguu wangu ulipona. Nilimuambia ulipona tangu mwaka jana. Sasa nikienda choo usiku napita pale, ataona fimbo. Ataacha kazi, ataanza kulia huko peke yake."

Choo kiko karibu na geti. Kila akitoka anapita mbele ya kamera.

Halafu akaniuliza swali nililopaswa kumuuliza mimi tangu siku ya kwanza: "Na hii ya ndani, ananiona pia mu nyumba? Anasikia vile naongea?" Sikuwa na jibu. Niliangalia mipangilio ya kidude, nikakuta kile kipengele kinachomruhusu mtu aliye mbali afungue maongezi bila wewe kupokea kimewashwa, na kijikamera cha skrini kiko wazi kuelekea kitandani kwake. Yaya hakuwa na nia mbaya, nina hakika. Alitaka tu aweze kumuita mama yake akianguka. Lakini hakuna mtu aliyemuuliza Mama, na mimi nilikuwa nimemuunganishia kila kitu nikijisifu.

Tulizima kipengele hicho, tukafunika kijikamera kwa kipande cha plasta. Kisha nikatazama picha ya geti vizuri, nikaona jambo jingine: milango miwili ya majirani ilikuwa ndani ya picha. Mmoja wao ni dada ambaye hataki kabisa picha yake ifike popote, na nyinyi mnaelewa kwa nini, wengi wetu tuna mtu ambaye hatutaki ajue tunaishi wapi. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, lakini hata bila sheria, kwenye kiwanja cha milango sita unauliza watu. Tulikaa na majirani, nikaishusha kamera na kuigeuza, ikabaki inaona geti tu na mita kama mbili za njia. Ndugu wa mashirika mnaosoma, mnapotuletea vifaa vya ulinzi kwenye vituo na nyumba za wanawake, tafadhali anzeni na kikao hicho kabla ya kupanda ngazi na drili.

Kwenye mambo ya fimbo sikuweza kumsaidia. Baada ya kugeuza kamera, njia ya choo haikuonekana tena, kwa hiyo angeweza kuiacha ikiwaka na siri yake ikabaki. Nilimuambia hivyo. Yaya naye alikuwa ananiuliza kila siku, "Mdogo wangu, tatizo ni nini?" Nikamjibu apige simu amuulize mama mwenyewe. Sijui kama nilifanya vizuri. Nilikuwa nimechoka kusema ni rauta.

Alipiga Jumapili. Nilikuwa nje nikifunga nyaya kwenye ukuta, nikasikia Mama anaongea Kifuliiru kwa muda mrefu, na mimi Kifuliiru nasikia kidogo kidogo tu. Alipotoka alikuwa na fimbo mkononi. Akaniambia Yaya amekasirika, amelia, kisha ameagiza aende hospitali Jumatano, mguu upigwe picha, dada yangu amsindikize. Walienda. Daktari amemuanzishia dawa na anamsafisha kidonda ambacho hata sisi hakutuonyesha.

Kamera sasa inakaa inawaka usiku mzima. Imebaki na kasoro moja, saa yake bado ni ya Iowa: mtu akipita getini saa nne usiku inaandika saa nane mchana. Nimemuahidi Mama nitaibadilisha nikirudi Kampala, maana mwizi akikamatwa na ushahidi wa mchana tutaeleza nini polisi.