Utepe wa Kaseti

Upepo uliliangusha sanamu letu kwa mara ya tatu, na kwelea kwelea walishalizoea, wanatua hadi begani. Mpunga wetu wa Bendera ulikuwa umeanza kutia maziwa. Hapo ndege hawakuachii kitu. Nikachomoa kaseti moja sandukuni, nikavuta utepe, nikaufunga fito kwa fito, nikiusokota kidogo ili upepo uushike. Ukalia zzzz! Ukametameta. Ndege hao, mpaka Kihurio!

Jioni mama akauliza, "Baba, kaseti ya kaka yako iko wapi?"

Sauti yake ya mwisho, aliyotutumia toka Dar.

Nikaonyesha shambani. Akaenda, akasimama chini ya ule utepe mpaka giza.

Asubuhi upepo ulikufa, utepe kimya. Nikamkuta mama ameshafika, anawinga ndege kwa debe.