Pambo la Nyumba ni la Nani?



Wahenga wetu walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii twaitumia tunapomsema mtu ambaye dhahiri yake si batini yake. Leo nataka tuichukue kwa maana yake ya wazi: nyumba yenyewe, vyumba vyake, makochi yake, mapazia yake na matandiko yake. Maana jambo hili la kupamba nyumba limekuwa kubwa katika miji yetu ya pwani. Limevunja posa, limewatia watu madeni, na wazee wengine limewaondoa mahali walipozoea kuketi. Nami simkatazi mtu kupamba nyumba yake, kwani pambo la halali ni katika neema za Mwenyezi Mungu. Lakini kila pambo lina swali lake, nalo ni hili: limewekwa kwa ajili ya nani?

Tuanze na wazee wetu. Ukizuru Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, utaziona nyumba za mawe zilizojengwa katika karne ya 18. Kwa nje kuta ni tupu, hazikwambii kitu. Mlangoni kuna daka lenye baraza za kuketi, ambapo mwenye nyumba humpokea mtu asiyehitaji kuingia ndani. Ukipita hapo waingia tekani, na njia yake hupinda, ili apitaye barabarani asiwaone watu wa ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha wafika kiwandani, yaani ua ulio wazi juu, uletao mwanga na upepo. Baada ya kiwanda hufuata misana, vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, mpaka kufika ndani, chumba cha wenyewe. Upana wa vyumba hivyo ni kama mita 3 tu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio kipimo cha chumba. Na huko ndani kabisa ndiko kwenye vidaka, safu juu ya safu, vilivyofanyizwa ukutani kwa chokaa, vikapangwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari.

Taamali hapo kidogo, ndugu yangu. Pambo bora la nyumba halikuwekwa machoni pa mpita njia. Liliwekwa mwisho wa safari, wakalifaidi wenye nyumba na jamaa zao wa karibu.

Wala nisikudanganye ukadhani kuwa watu wale walikuwa mawalii. Nyumba hizo zilikuwa za matajiri, na wengi katika pwani yetu waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, ametukumbusha majumba ya Pate yalivyobaki magofu, na vidaka vyake vikawa malazi ya ndege. Fahari ilikuwapo, nayo haikuwafaa kitu. Kilichobaki cha kutufunza ni ule mpango: mgeni ana mahali pake, wenyeji wana sitara yao, na upepo una njia yake. Siku hizi nawaona watu wakifunika ua wa nyumba kwa mabati ili wapate sebule kubwa, kisha wakanunua feni kuurudisha upepo ambao wao wenyewe wameufungia nje.

Tena pwani yetu haikuwa na namna moja tu ya kupamba. Kutoka Bara Hindi vilikuja vitanda vya samadari. Wakubwa walikalia kiti cha enzi, kilichotiwa vipande vya pembe na kufumwa kwa nyuzi. Baadaye tukapokea makochi na kabati la vioo kwa mtindo wa Kizungu. Na vijana wetu waliokwenda kufanya kazi Ghuba wamerudi na majlisi, mito na magodoro mafupi yaliyozunguka ukuta, na zulia katikati. Yote haya ni mema kwa mahali pake, na hapana katika hayo lililo haramu kwa kuwa limetoka ng'ambo.

Nikupe mfano wa nyumbani kwangu hapa Mombasa. Alipoposa mwanangu wa mwisho, tulikaa kuzungumza habari ya chumba cha mbele, maana wageni wote wangepitia hapo. Mama watoto alitaka atandike mikeka, aweke na samadari aliyorithi kwa shangazi yake. Bwana harusi alitaka makochi ya watu saba na kabati la televisheni, kama alivyoona katika picha za simu yake, nayo angeyachukua kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, mwaka mzima. Kaka yake, aliyekaa Maskati miaka sita, akasema la, tuweke majlisi. Kila mmoja alisema kwa hoja, nami nilisikiliza nikanyamaza.

Lakini katika chumba hicho hicho yumo mama mkwe wangu. Ni mtu mzima sana, na macho yamemwacha mwaka wa nane huu. Kitanda chake cha kamba kiko karibu na mlango wa uani. Katika mipango yote mitatu alihamishiwa chumba cha nyuma, na wote walisema kwa wema kuwa huko atapumzika. Hapana aliyemuuliza. Nikamwendea nikamwambia, "Mama, wewe waonaje?"

Akasema, "Mwanangu, mimi rangi zenu sizioni. Huko nyuma ni kimya. Hapa nasikia nani kaingia na nani katoka, na akiniamkia nikamwitikia, najua kuwa bado nimo nyumbani."

Basi tukaanza kupima chumba kutoka kwenye kitanda chake. Tulimtilia pazia la kuvuta wanapokuja wanaume wageni. Mito ya majlisi ilikaa upande mmoja, upande wa pili kochi moja la watu wawili lililonunuliwa kwa fedha taslimu, na samadari ikaenda chumbani kwa maarusi. Mwanangu alinuna siku kadhaa, na mpaka leo husema chumba kile hakina mpango. Huenda ni kweli. Lakini hakuna mwezi atakaogongewa mlango kudaiwa.

Ndugu msomaji, imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliyahesabu matandiko: moja la mume, moja la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na shetani. Wanavyuoni wakaeleza kuwa makusudio si hesabu yenyewe, bali ni kile kilichozidi haja kikawekwa kwa kujifaharisha. Tazama vilevile kuwa mgeni ametajwa, akapewa tandiko lake kabla ya chochote kuhesabiwa kuwa ziada. Na Bibi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akachukizwa nalo, nguo ile haikutupwa. Bibi Aisha aliikata akafanya mito ya kuegemea. Katika hayo mna mafunzo mawili: si kila kipendezacho jicho hutundikwa, na kisichofaa ukutani chaweza kufaa chini ya kiwiko cha mchovu.

Kwa hivyo, kabla hujabomoa ukuta au kuandikiana na mwenye duka, jiulize mambo matatu. Je, mgeni akija bila ya taarifa atapata pa kuketi, na watu wa ndani wabaki na sitara yao? Je, kitu hiki nimekilipa, au nitakikalia huku nikikiogopa? Na je, yule aliye dhaifu kuliko wote humu ndani, mtoto, mgonjwa au mzee, amewekwa wapi? Hilo la mwisho usilijibu wewe. Mwendee umuulize mwenyewe, kisha umsikilize.

Namuomba Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, asizigeuze kuwa maduka ya kutazamwa na watu. Wabillahi tawfiq.