Hukutuuliza
Siku ya kwanza mjengoni nilifika na refleketa mpya, faili na cheti cha usalama kazini. Nilikuwa nimeikariri Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 vile mtoto hukariri tebo. Pahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Mfanyakazi akiona hatari, amripotie msimamizi wake. Swali lolote ungeniuliza, jibu nilikuwa nalo.

Kila asubuhi nilizunguka na faili. Kofia? Tiki. Mikanda? Tiki. Jukwaa niliangalia nikiwa chini, nikatia tiki. Watu wa mkono wakiniona walivaa kofia, nikipita wanavua. Nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Alhamisi moja ubao wa jukwaa ulivunjika. Kijana aliyebeba karai la simiti akaanguka, akavunjika mguu. Nilienda naye hadi hospitali. Jioni nikiijaza fomu ya ajali, karatasi ya asubuhi ilikuwa hapo mezani: jukwaa, tiki. Mwandiko wangu.

Kesho yake fundi mmoja mzee aliniita kando.

"Madam, huo ubao tuliujua tangu Jumanne. Ulikuwa unalia ukikanyagwa."

"Sasa mzee, mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza. Wewe huja na kalamu tu."

Tangu hapo nimefanya kozi zingine: kukagua hatari, kupima kelele, kuzima moto. Zimenisaidia, sitadanganya. Lakini kuuliza nilijifunzia pale, na aibu yangu yote. Siku hizi kabla kazi ianze naketi na watu wa mkono dakika kumi, bila faili. Nauliza, "Leo ni nini kinawatia wasiwasi?" Wiki ya kwanza walicheka tu. Ya pili, mmoja akanionyesha waya uliochubuka kwa mashine ya kuchanganya simiti. Nikasimamisha kazi mpaka ukabadilishwa. Msimamizi hakuniongelesha siku mbili.

Yule kijana alirudi kwao. Bado anachechemea. Mara moja moja hunipigia simu, ananiita dadangu, anashukuru vile nilikaa naye hospitalini usiku ule. Hajui kuhusu ile tiki. Kila akikata simu najiambia, next time nitamwambia.