Wembe Ukinyamaza, Ondoa Mkono

 

Miezi michache iliyopita Allah alituruzuku mtoto wa kiume. Kama ilivyo ada ya familia nyingi za Unguja, mama yake alirudi kwao, Kizimkazi, alelewe uzazi na mama yake mzazi hadi atimize arobaini. Sisi tulibaki mjini na shughuli za kamati ya msikiti. Siku ya nne tukapata ujumbe kwamba kondoo wawili wa akika wamekwishapatikana na jina limekwishakubaliwa. Kilichobaki ni kinyozi. Bibi yake mtoto akaongeza sharti moja: anataka kichwa cha mjukuu wake kiwe laini kama yai.

Jioni ile mama wa mtoto naye alitupigia simu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kusikika nyumbani. "Sunna naipenda," alisema, "lakini utosi wake unapigapiga nikiutazama. Naogopa wembe."

Tulimwelewa, kwani hofu hiyo hata sisi tunayo. Miaka ile tulipokuwa masomoni, tuliingia katika duka moja la kunyolea kwa haraka ya sikukuu. Kijana aliyetunyoa hakubadilisha wembe aliotoka kumnyolea mwingine, na alipomaliza alirudia kisogoni mara tatu, akisifu kwamba sasa nzi akitua atateleza. Tuliondoka tukiwa tunang'aa. Siku ya tatu vipele vikaanza, vikatunga usaha, na kwa wiki mbili hatukuweza kuvaa kofia. Tangu hapo tumejiuliza swali ambalo huenda wasomaji wetu hawajaliona kuwa ni swali: kunyoa kuzuri hupimwaje? Nani aamue kwamba kichwa sasa kimenyoleka, jicho, mkono au kioo?

Tulianza kutafuta Darajani. Pembezoni mwa soko lile, lililojengwa mwaka 1904, vinyozi hawakosekani. Vijana wengi siku hizi hutumia mashine ya umeme, na kazi zao si mbaya. Lakini mashine huacha mabaki mafupi ya nywele, nasi tulihitaji wembe. Isitoshe, katika duka la kwanza tuliloingia, kinyozi alikuwa akimchonga kijana kiduku, ubavu huu mweupe na katikati msitu. Tulitoka taratibu. Mtume (s.a.w.) amekataza kunyoa baadhi ya kichwa na kuacha baadhi, kama ilivyopokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Wazee wetu walikuwa na jina la mtindo huo zamani, wakiuita denge. Tulimwombea kijana heri, tukashika njia ya Mkunazini kuelekea Hamamni.

Anayepita Hamamni hupita penye historia ya somo letu lenyewe. Hamamu ile ilijengwa zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ili watu wa mji waoge. Leo ni makavu, maji yamekatika miaka mingi, na wageni huingia kutazama kuta na sakafu. Lakini ukisimama katika chumba kilichokuwa cha mvuke, utafahamu jambo ambalo wajenzi wale walilijua vyema. Unywele mkavu ni mgumu, na wembe huuvuta kabla haujaukata. Ukinywa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache huvimba na kulainika, ukakatika bila vita. Wahenga wa pwani yetu waliposema mwenzio akinyolewa zako tia maji, walitaka kutuonya tujiandae na yajayo. Hata hivyo methali yao imebeba pia kanuni ya kwanza ya kinyozi.

Hatua chache kutoka hapo tulimkuta mzee tuliyeelekezwa. Chumba chake kina kiti kimoja, kioo kimoja na benchi la wanaosubiri. Tulimsalimu, tukamweleza haja yetu, nasi hatukuficha tuliyowahi kupata. Hakujibu kitu. Alitunyooshea kidole kwenye kiti.

"Kaa, mwanangu. Nikunyoe wewe kwanza. Ukiridhika, nitamnyoa mtoto wako."

Tulikaa. Alitoa kiwembe kipya mbele ya macho yetu, akakifungua karatasi yake, akakivunja katikati na kukitia kwenye kishikio. Akatufunika kichwa kwa taulo la maji ya moto, akangoja. Kisha akapaka povu kwa brashi na kuanza utosini, wembe ukifuata njia ya nywele zilivyolala. Hapo akatuambia tusikilize. Kwa kweli wembe ulikuwa ukisema. Palipo na nywele ulikwaruza kwa sauti nyembamba, kama mtu anayepasua karatasi chumba cha pili. Palipokwisha nywele sauti ilikatika.

"Wembe ukinyamaza, ondoa mkono," alisema. "Nywele zimekwisha. Kinachobaki chini yake ni ngozi ya Mwislamu."

Alipomaliza mzunguko wa kwanza tulijipapasa na kumwambia mbona tayari ni laini. Alicheka. Sabuni, alisema, ni shahidi wa uongo, kwani kila kitu chenye povu huteleza. Akatusuuza kwa maji baridi, akatukausha kwa kitambaa safi, ndipo akaanza kupima. Hakutumia kiganja, kwa kuwa kiganja kimezoea kazi na kimeota sugu. Alitumia mgongo wa vidole, akiupitisha polepole kinyume na nywele zinavyoota, kutoka kisogoni kupanda juu. Hapo tukaelewa kwa nini tulidanganyika. Ukipapasa kufuata nywele, hata kichwa kilichonyolewa juzi kitaonekana laini. Ukipapasa kwa kuzipinga, hata mabaki ya pembeni mwa sikio hujitokeza. Kisha akachukua pamba kidogo na kuiburuta kichwani. Iliteleza yote isipokuwa mahali pawili, ambapo iliacha uzi mweupe. Akapalowesha tena pale pawili tu, akapitisha wembe mara moja.

Mwisho alilowesha jiwe la shabu na kutupitishia kichwa kizima. Tulihisi ubaridi, na nyuma ya sikio la kushoto tukahisi mchomo mdogo. Alikunja uso. "Pale nimezidisha," alikiri. Shabu huchoma mahali ambapo ngozi imechubuka, hata kama jicho halioni damu. Kwa hiyo mzee yule ana mashahidi wawili: pamba humwambia alipopunguza, na shabu humwambia alipozidisha.

Tulimuuliza kwa nini asinyoe kila kichwa kwa kupinga nywele hadi kisibaki kitu kabisa. Akatueleza kwa maneno ya ufundi wake jambo ambalo hata madaktari wa ngozi hulieleza. Nywele zetu watu wa bara hili nyingi ni za kujikunja. Zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake hujikunja ndani na kuchoma nyama inapoota, na hapo ndipo vipele huzaliwa. Mteja huenda nyumbani amefurahi, akaja kulia baada ya siku tatu. "Wengine hupima kwa kioo siku ile ile," alisema. "Mimi humuuliza mteja Ijumaa ya pili."

Tuliondoka naye alfajiri ya siku ya saba, mkoba wake mdogo magotini. Daladala ilipita Mwanakwerekwe na Tunguu, ikaingia chini ya kivuli cha msitu wa Jozani, na Kitogani tukakata kuelekea kusini. Kizimkazi Dimbani tulishuka kuswali Dhuha katika msikiti wa kale, ambao mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Mzee alisimama kitambo mbele ya maandishi yale yaliyochongwa katika jiwe. Watu wa kijiji hiki wameswali hapa zaidi ya miaka mia tisa, na bila shaka wameleta watoto wao duniani, wakawapa majina na kuwanyoa, kizazi baada ya kizazi.

Nyumbani walikuwa wametandika mkeka ukumbini. Bibi alimpakata mtoto, mama yake amekaa karibu, ameshika ncha ya kanga yake. Mzee alinawa mikono hadi viwiko, akafungua kiwembe kipya, akamwonyesha mama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakutumia maji ya moto; aliyapima kwa kifundo cha mkono wake, yakiwa na uvuguvugu tu. Nywele za mtoto mchanga ni nyembamba, zilikatika karibu bila sauti. Juu ya utosi, mahali ambapo mfupa haujafunga, na ambapo watoto wengi huchukua mwaka au zaidi hadi pafunge, aliulaza wembe karibu sambamba na ngozi, akapita bila kukandamiza hata kidogo. Mtoto alipiga chafya. Sote tuliacha kupumua, na mzee alikuwa ameshainua mkono kabla chafya haijatoka.

Alipomaliza, bibi alipitisha kiganja. "Baba, hebu rudia hapa kisogoni. Mbona pakwaruza kidogo?"

"Bibi, wembe umenyamaza," alijibu kwa heshima. "Nikirudia, sasa nitanyoa ngozi."

Ukumbi ulikaa kimya. Bibi ni mkubwa wa nyumba ile, na sharti la yai lilikuwa lake. Tulitazamwa sisi, kama kwamba cheti cha chuo kingeamua. Tulisema tuliyofundishwa: hadithi ya Samura (r.a.) imetaja kuchinja, kunyoa na kumpa mtoto jina siku ya saba. Tulichotakiwa ni kuziondoa nywele, na zimeondoka. Ngozi kung'aa hatukuikuta katika masharti. Bibi alinyamaza kidogo, akampapasa tena mjukuu wake, safari hii kwa mgongo wa vidole kama alivyomwona mzee akifanya. "Basi," alisema. "Mpeni mama yake." Mama alimpokea, na ile kanga akaiachia.

Zilibaki nywele zenyewe. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Bibi Fatima (r.a.) alizipima nywele za wanawe akatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Mzee alizikusanya juu ya kitambaa cheupe na kutukataza kuzifunga mara moja. Nywele zilizolowa huwa na uzito wa maji, alisema, na kipimo kikiingia maji si kipimo. Tulizianika kivulini hadi alasiri. Kesho yake sonara wa Mji Mkongwe alizitia katika mizani yake ya dhahabu, hazikufika gramu moja. Tuliihesabu gramu nzima, tukaitoa thamani yake ya fedha, tukaongeza kidogo juu yake.

Ndugu wasomaji, hasa wazazi wanaotarajia akika, kina baba wanaopeleka vijana wao vinyozini, na mahujaji watakaonyolewa Mina, tunausia machache tuliyojifunza katika safari hii. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yenu, mpya kwa kila kichwa, kwani virusi vya homa ya ini na vya ukimwi vinaweza kupita katika damu iliyobaki kwenye wembe, hata isiyoonekana. Nywele zilowe vya kutosha kabla hazijaguswa. Pimeni ngozi ikiwa imesuuzwa na kukauka, kwa mgongo wa vidole, kwa kupinga nywele. Na mkisikia wembe umenyamaza, msione haya kusema imetosha, hata aliye kitini akiwa mgeni na mwenye wembe akiwa bingwa.

Ijumaa ya pili baada ya akika tulipita Hamamni. Mzee alituuliza kabla hatujaketi: "Kisogo cha mtoto?" Tukamjibu kwamba ni salama, alhamdulillahi. Akauliza la pili: "Na nyuma ya sikio lako la kushoto?" Hapo tulikuwa na kipele kimoja. Alikitazama, akatikisa kichwa, akatukataa asitunyoe hadi kipone.

Allah amjaalie mtoto wetu na watoto wa Waislamu wote kuwa wema, na atufundishe kujua mwisho wa kila jambo kabla ya kulivuka. Amin.